HESABU MAFUNDO, KIKAPU KITASIMAMA

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wanakisomo wa kijiji cha jirani. Sisi ni kikundi cha akina mama wafumaji, tunatoka Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga.



Mmetuomba tuseme habari ya vikapu vya nyumbani vya kufuma kwa kroshia. Tutasema namna ya kuvifuma. Lakini kwanza tutasema namna tulivyokosea. Maana tukiwaficha makosa yetu, na ninyi mtayarudia, nasi tutakuwa hatukuwasaidia.

Vitu vya nyumbani vinakaa wapi?

Hebu kila mmoja afikirie chumba chake. Vitunguu viko wapi? Nguo za mtoto ziko wapi? Daftari la kisomo na kalamu je? Kwetu sisi, zamani, jibu lilikuwa moja tu: chini ya kitanda, au ndani ya mfuko wa plastiki uliotundikwa kwenye msumari. Ukitafuta sindano unapata kijiko. Ukitafuta kijiko unapata soksi moja.

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini mwetu. Tukabaki kujiuliza: sasa vitu tutavitia wapi?

Bibi zetu hawakuwa na shida hiyo. Walisuka ukili, wakashona makapu na majamanda. Walisuka pakacha kwa makuti. Waume zao walifunga matenga. Kila kitu kilikuwa na chombo chake. Kikapu cha kroshia ni ndugu mdogo wa vyombo hivyo. Tofauti yake ni kwamba hakihitaji ukindu wala makuti. Kinahitaji kamba au ukanda wa nguo, na sindano moja yenye kichwa kama ndoano. Sindano hiyo ndiyo tunayoiita kroshia.

Kroshia si kitu kigeni kwetu. Akina mama wengi hapa wanafuma vitambaa vya meza na vya viti kwa uzi mwembamba. Kikapu ni kazi ile ile, ila uzi wake ni mnene na kazi yake inakwenda haraka.

Tulivyoanza vibaya

Sisi tulianza na katani. Watu wa Tanga tunaijua katani. Mkonge si mmea wa asili wa nchi yetu. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta hapa, na miche 62 tu ndiyo iliyopona safarini. Kutokana na miche hiyo yakatoka mashamba makubwa tunayoyaona Korogwe, Muheza na kwingineko. Babu zetu waliikata mikonge. Sisi tukasema, haya, na sisi tufume kamba yake.

Tulikuwa akina mama 14. Akaja mfanyabiashara mmoja kutoka mjini. Akaona kikapu cha mwenzetu, akakipenda. Akasema, "Nifumieni vikapu 40 vya namna hii. Vyote viwe sawa. Kila kimoja nitalipa shilingi 5,000."

Loo! Tulipiga vigelegele. Tukapiga hesabu: 40 mara 5,000 ni shilingi 200,000. Tukatoa shilingi 90,000 katika mfuko wa kikundi, tukanunua kamba za katani. Tukagawana. Kila mmoja akaenda kufuma kwake.

Je, tulifumaje? Kwa macho. Kila mmoja alikitazama kile kikapu cha mfano siku moja, akasema, "Nimekiona." Mwingine alifuma huku akipika. Mwingine alifuma huku akizungumza na jirani. Hakuna aliyehesabu. Ukimwuliza, "Chako kina mafundo mangapi?" anajibu, "Kinatosha."

Siku ya kukabidhi ikafika. Yule bwana akavipanga vikapu 40 juu ya mkeka. Jamani, tuliona aibu. Kimoja kipana kama ungo, kingine chembamba kama kata ya kuchotea maji. Vingine vililala upande. Akatoa futi ya fundi cherehani, akapima kimoja kimoja. Alichukua 13. Vikapu 27 akaviacha pale pale kwenye mkeka. Hakutukana. Alisema tu, "Niliomba vilivyo sawa."

Piga hesabu nasi. Vikapu 13 mara shilingi 5,000 ni shilingi 65,000. Tulitumia shilingi 90,000. Mfuko wetu ukapungua shilingi 25,000. Na ile kazi yote ya mikono, hapana malipo.

Jioni ile tuligombana. Wenye mkono wa kukaza waliwalaumu wenye mkono wa kulegeza. Waliofuma vizuri waliwalaumu waliofuma vibaya. Wenzetu 3 waliondoka kikundini kwa hasira. Mpaka leo mmoja amerudi. Wawili hawajarudi, na tukikutana nao kisimani salamu ni fupi. Hiyo ndiyo hasara inayotuuma kuliko zile shilingi 25,000.

Daftari la mwenzetu

Baada ya wiki moja tulikaa tena. Tukavitazama vile vikapu 13 vilivyokubaliwa, tukajiuliza vilifumwa na nani. Kumbe 6 kati yake vilitoka kwa mwenzetu mmoja tu, tena mzee kuliko sisi sote. Vidole vyake vinauma asubuhi. Macho yake si mazuri. Hatukutegemea.

Tukamwuliza, "Mama, wewe ulifanyaje?"

Akaenda ndani, akatoa daftari lake la kisomo. Ukurasa wa nyuma alikuwa ameandika namba za mizunguko, 1, 2, 3, mpaka 18. Mbele ya kila namba ameandika idadi ya mafundo. Kila alipomaliza mzunguko, alitia alama ya mkato. Basi. Hiyo ndiyo siri yake.

Akasema, "Nilijifunza kuhesabu nikiwa na wajukuu. Sikuweza kuziamini hesabu za kichwani. Nikaziandika."

Sisi sote tulikuwa tumehitimu kisomo. Sote tulijua kuandika 6 na 12 na 18. Lakini tulidhani hesabu ni ya darasani tu, na kufuma ni kwa mikono. Tuliacha elimu yetu mlangoni kama watu wanavyoacha viatu.

Tukaamua kuvifumua vile vikapu 27. Kizuri cha kroshia ni hiki: ukikosea, unavuta, kazi inafumuka, kamba inabaki kamba. Hutupi kitu. Tulifumua, tukafuma upya kwa daftari. Yule bwana hakurudi, alikuwa amekwisha kununua kwingine. Tukaviuza kwenye gulio, kidogo kidogo, kwa shilingi 4,000. Katika miezi 4 tuliuza 21. Vilivyobaki 6 tukagawana kwa kura, viko majumbani mwetu. Tulipata shilingi 84,000, tukarudisha shilingi 25,000 za mfuko, zikabaki shilingi 59,000. Tulikuwa tumebaki watu 11. Kila mmoja hakufikisha hata shilingi 6,000. Hatuwadanganyi. Utajiri hatukuupata. Lakini mfuko ulipona, na kazi tukaijua.

Vitu vinavyotakiwa

Leo hatutawafundisha kwa katani. Katani inanunuliwa kwa fedha, tena inachuna vidole vya anayejifunza. Anza na khanga kuukuu. Hiyo unayo ndani.

Tafuta vitu hivi:

Khanga moja iliyochakaa, yaani upande mmoja wa doti. Iwe imepauka, lakini isiwe imeoza. Vuta kwa mikono miwili. Ikichanika kama karatasi, haifai.

Mkasi.

Kroshia nene. Ile ya spoki ya baiskeli ni nyembamba mno kwa kazi hii. Chonga mti mgumu, kama mpera, wenye unene wa kidole kidogo cha mkono na urefu wa shubiri moja. Kichwani chonga ndoano. Isugue kwa msasa mpaka iwe laini, isinase nguo.

Uzi mfupi wa rangi nyingine, wa kutilia alama.

Daftari na kalamu. Usivisahau hivi.

Kukata ukanda

Tandaza khanga yako vizuri kwenye mkeka. Kata ukanda wenye upana wa sentimita 2, kwa kufuata urefu wa khanga. Ukikaribia mwisho, usiukate ukaachana. Acha kama sentimita 2, kisha geuza mkasi, rudi ulikotoka. Endelea hivyo, kwenda na kurudi. Khanga yote itakuwa ukanda mmoja mrefu. Uzungushe uwe donge kama mpira wa watoto.

Ukanda ukikatika, usifunge fundo kubwa. Toboa tundu dogo kwenye ncha zote mbili. Pitisha ncha ya ukanda mpya ndani ya tundu la ule wa zamani. Kisha chukua mkia wa ule mpya, upitishe katika tundu lake wenyewe. Vuta taratibu. Umeungana.

Kufuma fundo moja

Anza kwa tanzi, kama tanzi la kumfungia mbuzi, lakini lisikaze sana. Litie kwenye kroshia. Sasa shika ukanda kwa ndoano, uvute upite ndani ya tanzi. Umepata kitanzi cha kwanza cha mnyororo. Vuta tena, umepata cha pili. Basi, una mnyororo wa vitanzi 2.

Sasa ingiza kroshia ndani ya kile kitanzi cha kwanza kabisa. Shika ukanda, uvute utokeze. Tazama: juu ya kroshia kuna vitanzi 2. Shika ukanda tena, uvute upite ndani ya vyote viwili. Kimebaki kitanzi kimoja. Hilo ndilo fundo moja.

Fuma mafundo 6 katika tundu lile lile moja. Umemaliza mzunguko wa 1. Tia uzi wako wa alama kwenye fundo la mwisho, ili ujue mzunguko unapoishia. Kila ukimaliza mzunguko, hamisha alama.

Kitako cha kikapu

Andikeni katika madaftari yenu. Tutasema polepole.

Mzunguko wa 1: mafundo 6.
Mzunguko wa 2: fuma mafundo 2 katika kila fundo. Jumla 12.
Mzunguko wa 3: fundo 1, kisha 2 pamoja. Rudia. Jumla 18.
Mzunguko wa 4: mafundo 2 moja moja, kisha 2 pamoja. Rudia. Jumla 24.
Mzunguko wa 5: mafundo 3 moja moja, kisha 2 pamoja. Jumla 30.
Mzunguko wa 6: mafundo 4 moja moja, kisha 2 pamoja. Jumla 36.
Mzunguko wa 7: mafundo 5 moja moja, kisha 2 pamoja. Jumla 42.
Mzunguko wa 8: mafundo 6 moja moja, kisha 2 pamoja. Jumla 48.

"2 pamoja" maana yake unafuma mafundo mawili katika fundo moja la chini. Hivyo ndivyo kitako kinavyokua.

Mmeona? Kila mzunguko unaongeza 6. Kwa nini 6, isiwe 4 wala 10? Hii ni kanuni ya duara. Duara likiongezeka hatua moja kutoka katikati, ukingo wake unaongezeka hatua 6 na kidogo. Ukiongeza mafundo machache, ukingo unakuwa mfupi na kitako kinajikunja kama bakuli. Ukiongeza mengi, ukingo unazidi na kitako kinapiga mawimbi kama jani la sukuma wiki. Ukiongeza 6, kinalala chini kama chapati.

Kwa ukanda wa sentimita 2, kitako hiki kinafika kama sentimita 17 au 18 kwa upana. Mkono wa kukaza utapata pungufu. Mkono wa kulegeza utapata zaidi. Kwa hiyo kuhesabu peke yake hakutoshi mnapofuma kama kikundi. Sisi kila mmoja ana kijiti cha kipimo. Vijiti vyetu vyote vilikatwa siku moja, kwa urefu mmoja, na kroshia zetu zote zina unene mmoja. Kitako kikifika mzunguko wa 8, tunakipima kwa kijiti. Kikizidi au kikipungua, tunakifumua kabla hatujaanza ukuta. Afadhali ufumue kitako kuliko kikapu kizima.

Ukuta na mikono

Kufikia ukuta, acha kuongeza. Mzunguko wa 9 fuma fundo moja katika kila fundo, lakini shika uzi wa nyuma tu wa kila fundo. Hapo kazi itajikunja yenyewe na kuanza kupanda. Mzunguko wa 10 mpaka wa 16 fuma kama kawaida, mafundo 48 kila mzunguko. Hesabu kila mara. Ukipata 47, kuna fundo umeliruka. Rudi ulitafute. Usiseme, "Moja si kitu." Ukiruka moja kila mzunguko, kikapu kitakuwa na mdomo mwembamba na kitainama upande.

Mzunguko wa 17 ni wa mikono ya kushikia. Fuma mafundo 9. Fuma mnyororo wa vitanzi 6, ruka mafundo 6. Fuma mafundo 18. Fuma tena mnyororo wa vitanzi 6, ruka mafundo 6. Malizia mafundo 9. Hakikisheni: 9, na 6, na 18, na 6, na 9. Ni ngapi? Ni 48. Sawa sawa.

Mzunguko wa 18 fuma mafundo 48, na juu ya kila mnyororo fuma mafundo 6. Kata ukanda, uvute upite ndani ya kitanzi cha mwisho, ukaze. Ufiche mkia kati ya mafundo. Kikapu kimekwisha. Kwetu khanga moja ilitosha kikapu kimoja cha namna hii, na ukanda kidogo ukabaki.

Kitumie kwa kazi yake

Kikapu hiki ni kizuri kwa vitunguu, kwa nguo za mtoto, kwa nyuzi na sindano, na kwa madaftari. Kinapitisha hewa. Kikichafuka kifue kwa sabuni, kianike kikiwa kimetiwa bakuli ndani ili kisipoteze umbo.

Lakini si kwa kila kitu. Usihifadhi nafaka humo. Nguo inavuta unyevu, na wadudu wanaingia. Tena tunawasihi: msitie dawa za hospitali, wala mafuta ya taa, wala dawa za kuulia wadudu katika kikapu kilicho wazi. Mtoto anayetambaa hakosi kuingiza mkono. Vitu hivyo vikae juu na vifungiwe.

Neno kwa akina baba

Tunawaona akina baba wanacheka kule nyuma. Msicheke sana, Ndugu zetu. Wavuvi ni wanaume, na wanafuma nyavu. Nao wakikosea kuhesabu macho ya wavu, samaki anatoka. Kroshia tunazotumia zilichongwa na mume wa mwenzetu mmoja. Ndiye aliyezipima zote ziwe na unene mmoja. Kikundi chetu kinamlipa.

Neno la mwisho

Wenzetu, mkitaka kuuza, msianze na oda kubwa kama sisi. Kila mmoja afume kikapu kimoja cha nyumbani kwake. Mviweke pamoja juu ya mkeka mmoja, mvipime. Visipokuwa sawa, fumueni mkiwa bado mnacheka, kabla mgeni hajaja na futi yake, na kabla hamjagombana.

Na mwandike. Elimu tuliyoipata haikuwa ya kutia saini tu. Ni ya kutumia jikoni, shambani na kwenye mkeka wa kufumia. Tungeandika namba 18 katika ukurasa mmoja, wale wenzetu wawili wangekuwa wamekaa hapa nasi leo.



Maswali tuliyowaachia wanakisomo

1. Kwa nini kitako kinajikunja kama bakuli? Kwa nini kinapiga mawimbi?
2. Mzunguko wa 5 una mafundo 30. Ukitaka kitako kikubwa zaidi, mzunguko wa 9 utakuwa na mafundo mangapi? Wa 10 je?
3. Kikundi kimetumia shilingi 90,000 kwa kamba. Kinauza kila kikapu shilingi 5,000. Ni vikapu vingapi lazima viuzwe ndipo fedha za kamba zirudi?
4. Zungumzeni: ni kazi gani nyingine katika kijiji chenu inafanywa kwa macho tu, na ingefaa kuandikwa?